Nani Atangulie Kwenye Njia ya Miwa

Nitaanza na Mfaransa, maana bila yeye mume wangu asingejua kwamba baiskeli ni kitu cha kujifurahishia. Kwetu Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, baiskeli ilikuwa ya kubebea mkaa, kuku waliofungwa miguu, na ikibidi mke aliyeshikwa na uchungu. Mfaransa huyo alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ambako mume wangu alitunza stoo. Likizo moja alivuka hadi kisiwa cha Nosy Be na baiskeli yake, akaipakia kwenye treni ya miwa, akashuka mwisho wa reli, akazunguka siku mbili kwenye njia za udongo mwekundu, mashambani na vilimani, akarudi magoti yamechubuka na meno yote nje. Akawasimulia wenzake kazini, na mume wangu akarudi nyumbani amenuna. Aliweka kofia mezani akasema kuwa watu hawa wanakuja kuifaidi nchi na sisi tumekaa tu tunawatazama.

Nilimwambia kuwa mimi sikukaa tu nikatazama. Mimi nimezaliwa huko. Nyumba yetu ilikuwa katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, hatua ishirini kutoka relini, na baba yangu alikuwa dereva wa ile treni ya miwa. Njia alizozunguka Mfaransa kwa siku mbili mimi nilizizunguka kwa miaka, juu ya baiskeli ya baba, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba kwa sababu tandiko sikulifikia. Mume wangu alilijua hilo tangu siku ya posa, ila hakuwahi kuliona kuwa ni jambo. Sasa aliniomba nimchoree ramani.

Nikamchorea. Nilipasua mfuko wa karatasi uliokuwa na sukari, nikachukua penseli ya mtoto, nikaweka kiwanda, reli na matawi yake mawili, mahali pa kushukia, njia inayopita katikati ya miwa, mashamba ya mlangilangi, vilima, maziwa ya juu, mahali ambapo ni mwiko kuoga na mahali ambapo ni mwiko hata kunawa, nyumba ya shangazi yangu ya kulala usiku mmoja, kisha mteremko wa siku ya pili hadi Ambanoro, ambako wazazi wangu walikuwa wamejenga nyumba yao ya uzeeni. Kazi yote ilinichukua muda wa wali kuiva. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kuwa katika miezi mitano ya kupanga safari ile, sehemu ya kupanga ilimalizika alasiri moja, jikoni.

Nilichora kwa bidii kwa sababu nilikuwa na shida yangu. Mwezi huo huo wa Juni nilipata barua ya baba, aliyoandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa kuwa baba kusoma alijua lakini kuandika hakupenda. Alisema huu ndio msimu wake wa mwisho. Miwa ikimalizika kukatwa atakabidhi kazi na kwenda Ambanoro kufuga kuku. Kaka zangu wawili walipanda naye kwenye kichwa cha treni walipokuwa wadogo, wakarudi na masizi usoni wakijidai mtaa mzima. Mimi nilikatazwa. Msimamizi hakutaka mwanamke kwenye kichwa cha treni, na mama hakutaka binti yake atazamwe na wakata miwa. Nililia kwa hilo nikiwa na miaka saba, nikalia tena nikiwa na tisa, na kwa siri nikiwa na kumi na minne. Wakati wote huo baba hakusema kitu. Sasa aliandika kuwa amezungumza na msimamizi mpya, naye amekubali. Siku yoyote ya msimu huu nije, nitakaa pembeni yake kutoka kiwandani hadi mwisho wa reli na kurudi. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri, "Njoo kabla miwa haijakwisha," na chini yake baba mwenyewe akaongeza kwa herufi kubwa zilizopinda: NJOO.

Miwa huisha Novemba, mvua zikikaribia, na treni husimama hadi mwaka wa pili. Meli ya mizigo ya pwani iliondoka Mahajanga kwenda Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, kila baada ya wiki mbili, nayo ilichukua abiria. Nilimwomba mume wangu niende, watoto wabaki kwa mama yake siku chache. Hakukataa. Mume wangu si mtu wa kukataa. Alisema ningoje kidogo, kwani yeye na wenzake wanapanga safari, ramani ipo, dereva ni baba mkwe, kwa nini tusiende sote pamoja. Nilipomwomba mara ya pili akasema kwa upole, "Ukienda wewe kwanza, watasema mke wangu amenitangulia." Niliona ni neno dogo, nikangoja.

Hao wenzake walikuwa watatu. Wa kwanza, waliyemfanya mwenyekiti wa chama chao cha safari, alikuwa na duka la vitambaa, na mbali ya duka alikuwa na ndoa kuu. Asiyejua mambo ya watu wa Ngazidja, kisiwa cha Wakomoro ambako ndiko asili ya wanaume hawa, nimweleze kidogo. Kwao mwanamume, hata awe na mvi na wajukuu, kama hajafunga ndoa kuu mbele ya mji wake, na ng'ombe wakachinjwa, na ngoma zikapigwa mpaka majirani wakome, huyo bado ni mtoto wa mji. Aliyefunga huvaa joho, hukaa mbele msikitini, husema kwanza na hula kwanza. Asiyefunga hukaa nyuma akinyamaza. Mwenyekiti alisafiri hadi Ngazidja kuifunga yake, na aliporudi hatukuwahi tena kumwona akitembea haraka.

Wa pili alikuwa fundi cherehani. Naye alifunga ndoa kuu, ila aliifunga hapa hapa Mahabibo, na kama hiyo ni ndoa kuu au ni karamu tu ya kawaida lilikuwa swali ambalo watu walimheshimu kwa kutoliuliza. Wa tatu alikuwa karani wa shule, ambaye hakufunga, lakini alikuwa na daftari. Wa nne alikuwa mume wangu. Yeye alinioa mimi, mtu wa Nosy Be, babu yangu mmoja wa Unguja na bibi Msakalava, kwa ndoa ya mchana mmoja, na kwa mizani ya Ngazidja hakuwa ameoa kitu.

Sitaki kuonekana kuwa ninawacheka bila kuwaelewa. Miaka michache kabla ya hapo kulikuwa na ule mwisho wa mwaka mbaya ambapo watu wetu, Wakomoro wa Mahajanga, waliuawa mitaani, na maelfu wakapandishwa meli na ndege kupelekwa visiwa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuviona. Mtaa wetu ulibaki na mapengo. Waliobaki walishikilia kila kilichowafanya wajione ni watu: joho, safu ya mbele, haki ya kusema kwanza. Nilielewa hivyo, na bado walinichosha.

Walikutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kibarazani kwetu, mimi nikipeleka chai na mikate ya mchele. Mkutano ulifunguliwa kwa Kikomoro kwa ajili ya heshima, ukaendelea kwa Kimalagasi ili mambo yaende, wakaingia Kifaransa kila walipotaka kugombana. Karani aliandika yote kwa Kifaransa, hata yale waliyoyasema kwa kukohoa. Julai nzima ilikwenda kwenye jina la chama. Jina lilipatikana, refu na zuri, lakini baiskeli zilikuwa tatu. Miaka ile tairi lilitafutwa kama dawa, na zile baiskeli za Kichina zilizokuwepo zilikuwa na viraka juu ya viraka. Nilipouliza kutoka mlangoni kama kuna mtu aliyetafuta mpira wa ndani wa akiba, mwenyekiti aliniambia kwa adabu kubwa kuwa hayo ni mambo ya utekelezaji, na bado hawajafika kwenye utekelezaji.

Ramani yangu ilinakiliwa na karani kwenye karatasi safi. Alinyoosha reli iliyokuwa imepinda kwa sababu mpindo haukupendeza, akaandika jina lake chini. Mume wangu alinionyesha kwa fahari, akasema tazama ilivyotoka vizuri.

Agosti wakafika njiani. Nasema wakafika njiani kwa maana ya daftari, miguu yao ilikuwa bado kwenye mkeka wangu. Mwenyekiti alitaka kujua baada ya kushuka kwenye treni njia ina upana gani, na kwa mara ya kwanza nikaitwa kutoka jikoni nijibu. Nilinyoosha mikono miwili, nikaikaribisha, hadi ikafika upana wa mabega. Miwa huku, miwa huku, na katikati kijia cha wakata miwa. Karani aliandika, akasema bila kufikiri, basi tutakwenda mmoja nyuma ya mwingine.

Kimya kilichofuata nilikijua. Ni kile cha kwenye harusi, sinia inapoletwa na watu wanatazamana nani aikaribie. Kwenye njia pana watu wanne wanaweza kwenda sambamba na kila mmoja akajiona wa mbele. Kwenye kijia cha miwa lazima mmoja atazame mgongo wa mwenziwe siku mbili nzima. Mwenyekiti hawezi kutazama mgongo wa mtoto wa mji. Hilo lilikuwa wazi, akawekwa wa kwanza, ingawa alikuwa mzito na hakuwahi kufika Nosy Be, wala hakuwa amepanda baiskeli tangu aolewe na joho lake. Tatizo lilikuwa fundi. Kama ndoa yake ya Mahabibo inahesabika, ni wa pili. Kama haihesabiki, basi karani alikuwa amezaliwa kabla yake kwa mwaka mmoja. Jambo ambalo watu walilinyamazia kwa adabu miaka sita lilitolewa nje na kijia cha wakata miwa.

Wiki nne walibishana. Mume wangu alipendekeza wabadilishane kila baada ya kilima, na wote wawili wakamkasirikia. Hatimaye waliamua kufanya jaribio kwenye njia ya nyuma ya Mahabibo inayokwenda kwenye mikoko, fundi akiwa wa pili kwa muda, bila kuathiri haki ya karani, maneno ambayo yaliandikwa. Baiskeli ya nne iliazimwa kwa muuza maziwa. Mimi nilikwenda na birika la chai na beseni la maandazi, kwa sababu hata jaribio lilihitaji kufunguliwa kwa dua na kula kitu.

Waliondoka kwa mstari. Mwenyekiti mbele, kanzu ameikunja hadi magotini, akipiga kengele ingawa hakukuwa na mtu. Nyuma yake fundi, karani, na mwisho mume wangu. Mbele kulikuwa na ubao mmoja uliovuka mfereji wa tope. Mwenyekiti alipouona akasita, na baiskeli ya Kichina haipendi mtu anayesita, ikamtupa mferejini polepole, kwa heshima zote. Fundi alikuwa na nafasi ya kusimama au kupita pembeni. Hakupita, maana angekuwa amemtangulia mwenyekiti. Akaingia. Karani akaingia juu ya fundi. Mume wangu alikuwa mbali kidogo. Nilimwona kwa macho yangu akitazama kushoto palipokuwa pakavu, akatazama tope, akachagua tope.

Wanawake waliokuwa wakiokota kaa mikokoni walicheka hadi mmoja akaketi chini. Nami nilicheka, sitadanganya. Lakini usiku wake, nikifua suruali ya mume wangu, kicheko kiliniisha. Niliona waziwazi kuwa mume wangu angeweza kupita pakavu na hakupita, na kwamba mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa nikimngoja anipeleke kwa baba.

Baada ya jaribio walikubaliana kuwa mambo hayawezi kwenda bila uamuzi kuhusu fundi, na kwamba Mahabibo hakuna mwenye uwezo wa kuamua. Wakaandika barua kwenda Ngazidja. Niisome tena sentensi hiyo, isije ikadhaniwa ni mzaha wangu. Watu wanne wenye akili zao, wakitaka kupanda baiskeli siku mbili Nosy Be, waliandikia wazee wa mji ulio ng'ambo ya bahari kuuliza nani apande nyuma ya nani. Barua ilipewa baharia, baharia akaambiwa ampe shemeji yake, shemeji aipeleke mlimani kwa wazee. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba.

Oktoba hakukuwa na la kufanya ila kungoja jibu, na mikutano iliendelea kwa ajili ya kungoja. Meli ya Hell-Ville iliondoka mara mbili mwezi huo. Jumamosi moja nilipeleka chai, nikaweka sinia chini, na badala ya kurudi jikoni nikabaki nimesimama. Nilisema kwa Kimalagasi, ili asiwepo wa kusema hakuelewa, kwamba treni ya miwa hutembea wakati wa miwa tu, kwamba mwezi ujao itasimama, kwamba baba yangu anamaliza kazi na ameniita, na kwamba wasipoondoka na meli inayofuata hakutakuwa na treni ya kupanda.

Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu wa adabu, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema kwa Kikomoro, taratibu, "Reli ni chuma, shemeji. Chuma hakina msimu."

Fundi na karani, ambao hawakuwa wakisalimiana tangu siku ya mfereji, waliitikia kwa vichwa pamoja. Nikamtazama mume wangu. Nilikuwa nimemwambia juu ya msimu wa miwa si chini ya mara kumi, kitandani, mezani, njiani kwenda sokoni. Barua ya baba aliisoma mwenyewe. Alikuwa mtu pekee kibarazani pale aliyejua kuwa ninasema kweli, na alitazama ndani ya kikombe chake mpaka nikaondoka.

Walipokwenda zao nilimuuliza. Alisema asingeweza kumkosoa mwenyekiti mbele ya watu, atamwambia polepole siku nyingine. Nilimwuliza polepole gani, na miwa inakatwa. Akasema, "Wewe hujui ilivyo kukaa pale na kutokuwa na la kusema." Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yao na sinia, na kama kuna mtu aliyejua ilivyo, alikuwa ni mimi. Siku tatu sikumsemesha ila kwa kupitia watoto. Kisha nikarudi kupika, nikarudi kungoja.

Jibu la Ngazidja lilifika katikati ya Novemba, fupi kuliko dua ya chakula. Wazee walisalimia, wakashukuru kwa kukumbukwa, wakasema mambo ya baiskeli hawakuyakuta kwa wazazi wao. Wakashauri atangulie anayeijua njia.

Nilikuwa mlangoni karani alipoisoma kwa sauti. Wote wanne wakatazama mkeka. Anayeijua njia alikuwa amebeba birika. Kwa kweli nilifikiri kwa dakika moja kuwa wazee wale, huko mlimani kwao, walikuwa wameniokoa. Kisha mwenyekiti akakohoa, akasema maneno ya wazee ni mazito na yana hekima, na kwamba njia inajulikana na ramani, kwa hiyo atakayebeba ramani ndiye anayeijua njia, na yeye yuko tayari kuibeba. Likaandikwa. Fundi akawa wa pili kwa sababu karani, kwa kuchoka, aliacha.

Tuliondoka na meli ya mwisho wa Novemba, wanaume wanne, baiskeli nne, joho moja ndani ya mfuko wa nailoni, na mimi. Siku mbili baharini, ili wakapande baiskeli siku mbili. Mvua ya kwanza ilitukuta tukishuka Hell-Ville. Lori la mchuuzi likatubeba hadi kiwandani, na kabla hatujafika nilishajua. Kiwanda kikisaga, harufu ya sukari inayoungua huingia mpaka kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Siku ile nilinusa majani mabichi na mvua tu.

Mlinzi wa lango alinikumbuka tangu nilipokuwa mtoto. Alituambia mzigo wa mwisho wa miwa uliingia wiki mbili zilizopita. Vichwa vya treni vilikuwa bandani vimepakwa grisi na kufunikwa maturubai, mabehewa matupu yamepangwa, na baba alikuwa amekabidhi kazi na kwenda zake Ambanoro. Mwenyekiti alimuuliza mlinzi nani mwenye dhamana ya uamuzi huo. Mlinzi akasema ni miwa. Karani alikuwa na daftari mkononi, na kwa mara ya kwanza sikumwona akiandika.

Walijaribu, lazima niwape haki yao. Walipanda baiskeli, wakajipanga kwa utaratibu uliokubaliwa, mwenyekiti mbele na ramani kifuani, wakaelekea mashambani. Udongo ule mwekundu ukilowa hung'ang'ania tairi mpaka gurudumu haligeuki. Walifika mwisho wa safu ya nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo nikiwa mtoto nilipeleka bata kula, na hapo wakashuka mmoja baada ya mwingine. Safari nzima ilikuwa na urefu wa nyumba kumi na nane. Wakarudi wakisukuma, kwa mstari ule ule. Tukatafuta lori jingine la kutupeleka Ambanoro.

Mama alitupikia samaki wa nazi na wali. Wageni waliketi kwenye mkeka, na bila mtu kuambiwa kitu kila mmoja alijua mahali pake: mwenyekiti ukutani kwenye mto, amevaa joho lililokunjamana, fundi kulia kwake, karani, mume wangu. Baba, mwenye nyumba, dereva aliyeendesha treni miaka thelathini, hakuwahi kufunga ndoa kuu yoyote. Alikaa karibu na mlango, penye upepo wa mvua. Mwenyekiti alitoa hotuba ya kushukuru. Alisema safari imefana kwa sehemu yake kubwa na kwamba mwaka ujao, inshallah, watamalizia utekelezaji. Baba aliitikia kila sentensi.

Chakula kilipokaribia baba alitoka kwenda uani kuchukua birika la maji ya kunawa. Nilikuwa pale nikipakua. Alikuwa amepungua, shati lilimpwaya mabegani, na mikono yake ilikuwa safi, sikuwahi kuiona safi namna ile. Tulikuwa hatujapata nafasi ya kusema peke yetu tangu nifike. Alisimama na birika, akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama mvua, kwamba kuanzia Septemba alikuwa ameweka gunia lililokunjwa kwenye kiti cha pembeni ili nisiumie. Watu wa bandani walimtania kila asubuhi, binti yuko wapi. Siku ya mwisho msimamizi mwenyewe alikuja, wakachelewesha kuondoka.

"Niliwaambia meli imechelewa," alisema. "Ilichelewa, siyo?"

Miezi mitano nilikuwa na maneno makali kwa kila mtu. Nilimcheka mwenyekiti na joho lake, karani na daftari lake, nilimcheka mume wangu aliyeona pakavu akaingia topeni. Na mimi nilikuwa na barua yenye neno moja kwa herufi kubwa, na bandari dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu, na mama mkwe aliyekuwa tayari kukaa na watoto, na nilisimama mlangoni na sinia hadi miwa ikaisha. Ningeweza kumwambia ndiyo. Alikuwa ameniwekea jibu tayari, nami niseme tu ndiyo.

"Haikuchelewa, baba," nilisema. "Ilikuwa inakuja kila wiki mbili."

Hakukasirika. Alitikisa birika kidogo kusikiliza kama maji yanatosha. Akasema nisimwambie mama, kwa sababu mama ameshawaeleza majirani habari za meli. Kisha akaweka taulo begani, akachukua beseni kwa mkono wa pili, akaingia ndani kuwanawisha wageni mikono, akaanza na mwenyekiti.